Kabla ya Matilda alikuwa rubani: Roald Dahl alivyojifunza kupaa Nairobi

Mtaani Umoja ndege si kitu cha kushangaa. Kubwa zinashuka kuelekea Embakasi, za kijeshi zinapinda upande wa Eastleigh, na mtoto wa Eastlands huanza kutambua mlio wa helikopta kabla hajajua kusoma gazeti. Kuingia ndani na kukalia kile kiti cha mbele ndio shida. Ada ya kusomea urubani pale Wilson ni pesa ambayo ukoo wetu wote ukifanya harambee, ukauza hadi ng'ombe wa shosho, bado hatufikii nusu.

Kwa hivyo wengine wetu tunarukia chumbani. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama, nilibaki na laptopu ya mitumba na muda mwingi kupita kiasi. Nikapakua simuleta ya bure, nikanunua joistiki iliyotumika kule Luthuli, nikachagua ndege za kivita za zamani. Nilidhani za zamani ni rahisi, vile gari la zamani lina vitufe vichache. Kumbe!

Chukua Hurricane, ndege ya Waingereza ya Vita vya Pili. Inakalia mkia. Magurudumu mawili makubwa yako mbele, dogo moja liko nyuma, kwa hivyo pua inaangalia mbinguni na wewe kitini huoni barabara, unaona injini tu. Ukisukuma mafuta yote kwa mkupuo inakuvuta kushoto, na usipokanyaga pedali ya kulia mapema unajipata kwenye nyasi. Ukikanyaga sana inakurudisha upande ule mwingine. Mkia ukiinuka, inavuta tena. Halafu ukishaachana na ardhi, unafurahi, unakumbuka magurudumu: kishikio cha kuyakunja kiko upande wa kulia, na mkono wa kulia ndio umeshika usukani. Lazima ubadilishe mikono hapo hapo, huku ndege ikipanda na kushuka kama matatu kwenye matuta. Ukiongeza kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kupaa, utaelewa kwa nini niliangusha ishirini na kitu kabla ya kupaisha moja. Na hiyo moja, stima zilipotea nikiwa juu.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza: wale vijana wa kweli walipewa saa ngapi za kujifunza kitu hiki? Nikitafuta jibu nikakutana na jina ambalo nililijua tangu darasa la sita, kwenye jalada la kitabu kilichozunguka darasa zima hadi kikachanika. Roald Dahl. Yule wa Matilda. Yule wa Charlie na kiwanda cha chokoleti. Kumbe jamaa alijifunza kurusha ndege hapa hapa Nairobi, na Kiswahili alikijua.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Cardiff, nchini Wales, lakini wazazi wake walikuwa wa Norway. Mwaka 1920, akiwa bado hajafikisha miaka minne, dada yake Astri alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na miaka 7. Wiki chache baadaye baba yao naye akafa kwa nimonia. Mama, Sofie Magdalene, akabaki na watoto katika nchi ambayo si yake, na akakataa kurudi Norway kwa sababu mumewe alitaka watoto wasome shule za Uingereza.

Shule zenyewe zilikuwa za kiboko. Repton, alikosomea sekondari, walimu waliandika ripoti mbaya kuhusu insha zake, na wakubwa waliwafanya wadogo watumishi. Kitu kitamu pekee, kihalisi, ni kwamba kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwatumia wanafunzi chokoleti mpya waionje na kuipa maksi. Unajua hiyo ilizaa nini miaka thelathini baadaye.

Alipomaliza, mama yake alikuwa tayari kumlipia Oxford au Cambridge. Akasema hapana. Nakubali nilitabasamu niliposoma hapo, ingawa tofauti kati yetu ni kubwa: yeye aliukataa mlango uliokuwa wazi, mimi wangu ulijifunga. Alitaka kazi itakayompeleka mbali, Afrika au Uchina. Mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, akapikwa ofisini miaka minne, na mwaka 1938 akapanda meli hadi Mombasa, kisha Dar es Salaam.

Maisha ya Dar yalikuwa ya mzungu wa enzi ya ukoloni, tusipambe. Nyumba kubwa nje ya mji, karibu na bahari, mpishi, watumishi, na kazi ya kuzunguka Tanganyika kuuzia wenye mashamba na migodi mafuta ya mitambo. Kampuni ilitaka wafanyakazi wake wajue Kiswahili, naye akakijifunza. Simba na nyoka aina ya koboko wa miaka hiyo waliingia baadaye katika vitabu vyake, na ukivisoma leo unaona kijana aliyeipenda nchi bila kujiuliza sana kwa nini yeye ndiye anakaa barazani na wengine ndio wanaleta chai.

Septemba 1939 vita vikaanza. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita vya Kwanza, na Wajerumani wengi walikuwa bado wanaishi humo. Dahl, bila mafunzo yoyote ya maana ya kijeshi, akapewa cheo cha luteni wa muda katika King's African Rifles na kikosi cha askari Waafrika wa kuwakamata Wajerumani hao. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Askari aliowaamuru walikuwa wanajeshi wa kazi. Yeye alikuwa karani wa mafuta. Lakini ndivyo mambo yalivyogawanywa.

Kazi hiyo haikumkaa. Novemba 1939 akaingia kwenye gari lake na kuendesha takriban kilomita 970 kutoka Dar hadi Nairobi kujiunga na RAF, jeshi la anga la Uingereza. Hebu fikiria barabara za 1939.

Hapa Nairobi tatizo la kwanza lilikuwa urefu. Jamaa alikuwa na mita 1.98. Chumba cha rubani cha ndege ndogo hakikutengenezwa kwa mtu wa aina hiyo, lakini vita vilikuwa vinahitaji watu, akapitishwa. Akawekwa na vijana wengine 16 kwenye uwanja mdogo wa kiraia. (Kituo cha RAF cha Eastleigh, hicho ambacho leo ni kambi ya jeshi la anga letu, kilianzishwa rasmi Agosti 1940, yeye akiwa ameshaondoka. Kwa hivyo msiniambie alirukia hapo karibu na Garissa Lodge.)

Ndege ya kujifunzia ilikuwa Tiger Moth. Mabawa mawili juu na chini, mbao na kitambaa, injini ya nguvu farasi 130 hivi, haina breki, na mkia unaburuzwa kwa kipande cha chuma badala ya gurudumu. Kuwasha, mtu anasimama mbele na kuizungusha propela kwa mkono. Mwalimu anakaa kiti kimoja, mwanafunzi kingine, na wanazungumza kupitia mpira kama ule wa daktari wa kusikiliza kifua. Dahl akikaa, kichwa chake kilizidi kioo cha mbele, upepo ukawa unampiga usoni hadi kupumua ni shida. Akafunga kitambaa chepesi puani na mdomoni, kama kondakta wa Dandora siku ya vumbi, mambo yakaendelea.

Saa 7 na dakika 40. Huo ndio muda alioruka na mwalimu kabla ya kuachwa arushe peke yake. Mimi kwenye simuleta nilikuwa nimeshapita saa thelathini na bado nalima nyasi.

Alizipenda siku hizo za Nairobi kuliko karibu kitu kingine chochote cha vita. Asubuhi alipaa juu ya tambarare, akishuka chini kidogo aone twiga na makundi ya nyumbu, na hakuna mtu aliyekuwa akimpiga risasi. Vijana waliokuwa chini, wa Pumwani na mitaa mingine ya Waafrika, wangeweza kumwona akipita. Kiti cha rubani hakikuwa chao wakati huo, hata wangekuwa na saa mia. Kenya ilipata jeshi lake la anga Juni 1964, miaka ishirini na kitu baadaye.

Kati ya wale 17 wa uwanja huo, yeye akiwemo, waliobaki hai vita vilipokwisha ni wachache mno: wenzake 3 tu kati ya 16. Nimejaribu kuwaza darasa letu la chuo hivyo. Siwezi.

Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraq, kilomita 80 magharibi mwa Baghdad, kambi yenye joto la kukaanga mayai. Miezi sita ya Hawker Hart, ndege yenye bunduki sasa. Agosti 1940 akahitimu na kuwa afisa. Wakampangia Kikosi Nambari 80, kilichokuwa kinapigana na Waitalia kwenye jangwa la Misri na Libya kwa kutumia Gloster Gladiator, ndege ya mwisho ya mabawa mawili ya kivita katika RAF.

Na sasa sikiliza hii. Gladiator ina kiti kimoja. Hakuna pa mwalimu kukaa. Hakuna aliyemfundisha kuirusha, na hakuna aliyemfundisha kupigana angani. Unaonyeshwa vifaa, unaingia, unapaa, ukirudi mzima basi umefuzu. Leo mtoto wa Kayole mwenye kompyuta ya elfu kumi anaweza kuipaisha Gladiator mara hamsini kabla ya chakula cha jioni na akifa anabonyeza kitufe. Dahl alipewa nafasi moja.

Tarehe 19 Septemba 1940 aliambiwa apeleke Gladiator kutoka Abu Sueir, Misri, hadi uwanja wa mbele wa kikosi chake jangwani. Akatua njiani kuweka mafuta, na katika kituo cha mwisho akapewa mahali pa kuelekea: karibu kilomita 48 kusini mwa Mersa Matruh. Akaruka. Akafika. Hakukuwa na kitu. Mchanga na mawe. Akazunguka akitafuta hema, gari, moshi, chochote. Jua likawa linazama, mafuta yakawa yanaisha, na ikabidi achague mahali pa kutua kungali na mwanga kidogo.

Magurudumu yaligonga jiwe. Ndege ikajipigiza pua mchangani. Fuvu la kichwa lilipasuka, pua ikasagika ikaingia ndani, macho yakavimba yakafunga. Alijikokota nje ya mabaki kabla moto haujamfikia, akazimia. Uchunguzi wa RAF ulikuja kuonyesha kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe. Walimtuma katikati, kati ya majeshi ya Uingereza na ya Italia, pasipo uwanja wowote.

Hili ndilo linanikera katika hadithi yote, zaidi ya vita vyenyewe. Kijana alifanya kila kitu alichoambiwa. Alijifundisha ndege ambayo hakuna aliyemfundisha, akairusha hadi pale walipomtuma, na aliyekosea alikuwa mtu mwenye ramani mezani. Anayelipa ni yule aliye juu.

Waliomwokoa walimpeleka Mersa Matruh, kisha akasafirishwa kwa treni hadi hospitali ya jeshi la majini la Uingereza mjini Alexandria. Wiki nane hakuona. Madaktari walimtengenezea pua upya. Alitoka hospitalini Februari 1941 na wakaamua anaweza kurudi kazini.

Wakati huo Kikosi Nambari 80 kilikuwa kimehamia Ugiriki na kuachana na Gladiator. Sasa walikuwa na Hurricane. Ndiyo, ile ile iliyokuwa inanitupa kwenye nyasi. Na Dahl, aliyetoka kitandani juzi, alikuwa na saa 7 tu za Hurricane alipoambiwa aivushe bahari ya Mediterania peke yake, Aprili 1941. Mita 1.98 zimekunjwa kwenye chumba kile kwa saa kadhaa. Akafika karibu na Athens akakuta kwamba ndege za kivita za Uingereza katika Ugiriki nzima zilikuwa 18: Hurricane 14 na Blenheim 4. Wajerumani walikuwa na mamia.

Tarehe 15 Aprili alipambana kwa mara ya kwanza, juu ya Chalcis, peke yake dhidi ya ndege sita za mabomu zilizokuwa zinashambulia meli. Akaangusha moja. Tarehe 20 Aprili ikaja siku ambayo Waingereza wanaiita vita vya Athens: Hurricane 12 zilipaa, 5 zikaangushwa, marubani 4 wakafa. Mmoja wao ni Pat Pattle kutoka Afrika Kusini, ambaye wengi wanamhesabu kuwa rubani hatari zaidi wa Uingereza katika vita vile vyote. Dahl alitua akiwa mzima. Siku chache baadaye wote wakatolewa Ugiriki.

Akaruka wiki chache zaidi akiwa Haifa, akaangusha ndege nyingine Juni, kisha kichwa kikakataa. Yale maumivu ya jangwani yalirudi kwa nguvu hadi akawa anazimia, na rubani anayezimia hawezi kuachiwa ndege. Akarudishwa nyumbani kwa mama. Wanahistoria wanampa ushindi angalau 5, unaotosha kumwita bingwa wa anga. Miezi ya kupigana kwa kweli haikufika mitatu.

Mwaka 1942 alitumwa Washington kufanya kazi kwenye ubalozi. Mwandishi C. S. Forester akamtafuta amsimulie mkasa wake ili auandike. Dahl akaona ni rahisi zaidi ajiandikie maelezo mwenyewe, na Forester aliyapeleka gazetini karibu yalivyo. Ndiyo hadithi yake ya kwanza kuchapishwa. Shida ni kwamba ilichapishwa kana kwamba aliangushwa na adui. Hakuangushwa na mtu. Alikuja kuliweka sawa baadaye sana, katika Going Solo ya 1986, kitabu ambacho pia kina Dar na Nairobi. Mimi huwa nawaza: ule uongo ulikuwa wa fahari, au ilikuwa vigumu kusema kwamba ulikaribia kufa kwa sababu ya maelekezo mabaya?

Sehemu iliyobaki mnaijua zaidi. Charlie mwaka 1964, BFG mwaka 1982, Matilda mwaka 1988. Katikati yake kuna misiba ambayo sitairefusha. Mwaka 1960 mtoto wake Theo aligongwa na teksi New York akiwa kwenye kigari cha watoto, maji yakawa yanajaa kichwani. Dahl, kwa sababu alikuwa mtu wa mashine, akakaa na fundi Stanley Wade na daktari Kenneth Till wakatengeneza vali ndogo ya kuyatoa, iliyokuja kusaidia watoto wengi wengine. Mwaka 1962 binti yake Olivia akafa kwa surua akiwa na miaka 7, umri ule ule wa Astri.

Na kuna upande ambao sisi tukiusoma tunajikuna kichwa. Katika chapa ya kwanza ya kitabu cha Charlie, wale wafanyakazi wadogo wa kiwandani, Oompa-Loompa, walikuwa Waafrika wafupi walioletwa kutoka msituni wafanye kazi kwa malipo ya kakao. Watu walilalamika, hasa Wamarekani weusi, na katika miaka ya 70 akawabadilisha. Mwaka 1983 alitoa maneno ya chuki kuhusu Wayahudi, na familia yake iliomba radhi kwa niaba yake mwaka 2020, miaka 30 baada ya kufa kwake. Mtu aliyekaa Dar, akajua lugha yetu, akaongoza askari wetu, kisha akaketi na kuandika Oompa-Loompa. Kitabu chake bado nakipenda. Hayo mawili yanakaa kichwani mwangu na hayapatani.

Alikufa Oxford tarehe 23 Novemba 1990, akiwa na miaka 74, akazikwa kijijini kwake Great Missenden. Walimzika na vijiti vya kuchezea snuka, mvinyo mzuri, chokoleti, penseli na msumeno wa umeme.

Mimi siku hizi Hurricane inapaa, mara nane kati ya kumi hivi. Mguu wa kulia umezoea. Wiki jana nilijaribu lile la jangwani: Gladiator, jua linazama, mafuta ya dakika tano, hakuna uwanja. Nimelirudia mara kumi na moja. Bado sijatoka ndani mzima.